Zimamoto Aliyewasha Moto: Somo Kutoka Riwaya za Distopia

Mwaka jana nilikuwa mhariri wa gazeti la ukutani la hosteli yetu. Lilikuwa jambo dogo tu: karatasi sita au saba zilizobandikwa kwenye ubao karibu na ngazi, zenye vichekesho, shairi moja au mawili, ratiba ya mpira na makala moja ya kusomeka. Kazi yangu ilikuwa kupokea maandishi, kusahihisha tahajia na kubandika. Hakuna aliyenilipa, na walionichagua ni wenzangu watano tuliokuwa tunakutana kwenye kimbweta kila Jumapili jioni.

Wiki moja mwenzetu alileta makala kuhusu maji. Wakati ule maji yalikuwa hayapandi juu, sote tunabeba ndoo hadi ghorofa ya nne, na sisi wanafunzi wenyewe tulikuwa tumechangishana pesa za kununua pampu. Makala yake ilichekesha sana. Alieleza jinsi mtu anavyojifunza kuoga kwa kikombe kimoja, na jinsi ndoo inavyofundisha heshima kuliko mihadhara yote. Lakini aya ya mwisho haikuchekesha. Iliuliza swali moja: pesa tulizochanga ziko wapi?

Nikaikata ile aya. Hakuna aliyenipigia simu wala kunitisha. Waliokusanya michango walikuwa watu ninaokula nao meza moja, basi nikajiambia nafasi imekwisha na karatasi imejaa. Nikarekebisha sentensi mbili ili mwisho ukae vizuri, nikabandika. Watu walicheka wiki nzima. Mwenye makala naye alisimama pale, akasoma, akatabasamu, akaenda zake. Hakuleta tena maandishi.

Muhula huu, katika somo la fasihi, tukapewa Fahrenheit 451 ya Mmarekani Ray Bradbury. Nilianza kuisoma nikidhani ni habari za serikali katili ya mbali. Kufika katikati nikajikuta namkumbuka mwenzangu wa makala ya maji. Tangu hapo nimekuwa najiuliza jambo moja: kwa nini riwaya hizi, zinazosifika kwa kuwalaani madikteta, humweka mbele yetu mtu ambaye si dikteta wala mpinzani, bali mfanyakazi wa kawaida wa mfumo? Makala hii ni jaribio la kujibu. Wenzangu wa fasihi watapata nondo za mtihani. Wa uhandisi na biashara nao wasikimbie, maana mmoja wa wahusika wetu ni mhandisi.

Wafanyakazi watatu

Distopia ni jamii ya kubuni iliyooza, lakini inayojitangaza kuwa imekamilika. Mwandishi huchukua jambo ambalo tayari limo katika jamii yake, akalikuza hadi tuone linaelekea wapi. Udhibiti wa maandishi, yaani kukata, kuchuja, kuchoma au kuzuia kinachosemwa na kinachosomwa, karibu haukosekani humo. Sababu ni rahisi: ili uozo uitwe ukamilifu, ni lazima watu wakose maneno ya kulinganishia.

Tuchukue riwaya tatu. Ya kwanza kuandikwa ni We, yaani “Sisi”, ya Mrusi Yevgeny Zamyatin. Aliimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikatoka kwa Kiingereza huko New York mwaka 1924. Nchini kwake haikuchapishwa hadi 1988, zaidi ya miaka 50 baada ya mwandishi mwenyewe kufia Paris. Mhusika mkuu hana jina, ana namba: D-503. Ni mhandisi anayejenga chombo cha kwenda kwenye sayari nyingine. Mji wake una nyumba za kioo, kila mtu anaonekana na kila mtu, na yeye anaona ni sawa kabisa. Anaanza kuandika kumbukumbu zake ili kuisifu dola.

Ya pili ni Nineteen Eighty-Four ya Mwingereza George Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Winston Smith ameajiriwa katika Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kubadilisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na kile Chama kinachosema leo. Mtu akishafutwa na Chama, Winston anamfuta gazetini. Siku moja anahitaji kujaza nafasi ya mtu aliyefutwa, basi anamtunga shujaa ambaye hakuwahi kuishi, na kumpa maisha kamili na kifo cha heshima.

Ya tatu ndiyo hiyo Fahrenheit 451, ya mwaka 1953. Jina lake ni kiwango cha joto ambacho, kwa mujibu wa riwaya, karatasi hushika moto. Kwa Selsiasi ni kama nyuzi 233. Bradbury hakusoma chuo kikuu, lakini aliandika hadithi hii katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu, UCLA kule Los Angeles, kwa kutumia taipureta za kukodi. Ukitumbukiza senti 10, unapata nusu saa ya kuandika. Mhusika wake, Guy Montag, ni mtu wa zimamoto. Kwa Kiswahili kejeli hii inauma kweli, kwa sababu kazi ya zimamoto imo ndani ya jina lake. Huyu wa Bradbury haendi kuzima. Nyumba zimeshajengwa zisizoungua, kwa hiyo kikosi kimepewa kazi nyingine: kwenda kwenye nyumba zenye vitabu na kuvichoma.

Sasa waweke hao watatu pamoja. Hakuna hata mmoja anayeanza kama mfungwa au mwanaharakati. Wote ni waajiriwa wa mfumo, na wote wanaimudu kazi. Orwell anasema wazi kwamba raha kubwa kuliko zote katika maisha ya Winston ilikuwa kazi yake. Montag tunamkuta ukurasa wa kwanza akifurahia kuona vitu vinavyoungua. D-503 anaifurahia hesabu ya maisha yake kama sisi tunavyofurahia matokeo yasiyo na supu.

Hili ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo. Mwamko katika riwaya hizi hauanzi na mtu kugundua kwamba watawala ni wabaya. Watu wengi wanajua hilo na bado wanalala usingizi mnono. Mwamko unaanza pale mtu anapouona mkono wake mwenyewe umeshika kiberiti. Ndiyo maana mhusika lazima awe ndani ya kazi. Angekuwa mhanga tu, tungemwonea huruma, tukafunga kitabu, tukalala.

Nani aliwasha wa kwanza?

Katika mitihani yetu mara nyingi tunaandika kwamba Fahrenheit 451 ni riwaya kuhusu serikali inayochoma vitabu. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Soma tena sehemu ambayo Montag amelala kitandani akijidai mgonjwa, na bosi wake, Kapteni Beatty, anakuja kumpa historia ya kikosi chao. Beatty anasema jambo ambalo wasomaji wengi hulirukia: serikali haikuanzisha. Kwanza watu wenyewe walitaka vitu vifupi. Vitabu vikafupishwa, muhtasari ukafupishwa tena, hadi mtu akawa anaijua Hamlet kwa ukurasa mmoja tu wa dondoo. Halafu kila kundi likataka lisiudhiwe, wachapishaji wakaondoa hiki na kile, hadi vitabu vikabaki havina ladha. Watu wakaacha kusoma kwa hiari yao. Kikosi cha moto kilikuja mwisho kabisa, kumalizia kazi ambayo ilikuwa imeshafanyika.

Niliposoma sehemu ya ule muhtasari wa ukurasa mmoja nilicheka kwa aibu, maana riwaya nyingine ya somo hilohilo nilikuwa naisoma kwa madesa. Ninayo simuni hadi leo: kurasa nne, wahusika, dhamira, mafunzo, basi. Simlaumu mtu. Bumu likichelewa na vitabu vikiwa nakala tatu maktabani kwa darasa la watu mia, desa linaokoa maisha. Lakini Beatty angeniona, angenipongeza.

Historia ya kitabu chenyewe inathibitisha maneno yake kuliko mhakiki yeyote. Mwaka 1967 mchapishaji wake alitoa toleo la shule za sekondari, na humo wahariri wakabadilisha sehemu kama 75. Maneno ya kulaani yakaondolewa, neno la kutoa mimba likatolewa, mlevi mmoja akageuzwa kuwa mgonjwa. Kuanzia 1973 toleo hilo lililochujwa ndilo pekee lililokuwa likiuzwa, bila msomaji kuambiwa. Bradbury hakujua. Alikuja kujua mwishoni mwa muongo ule, baada ya wasomaji wanafunzi kumwandikia. Alidai maneno yake yarudishwe, na toleo kamili likatoka tena mwaka 1980. Fikiria: kitabu kinachopinga kuchoma vitabu kilichomwa kidogokidogo, kwa kalamu, na watu wenye nia njema waliotaka kiingie darasani. Hakuna polisi aliyehusika. Walikuwa wahariri. Kama mimi.

Orwell naye yalimkuta. Riwaya yake Animal Farm, ambayo sisi tunaifahamu kama Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, ilikataliwa na wachapishaji kadhaa mwaka 1944. Uingereza na Urusi zilikuwa upande mmoja vitani, na kitabu kilimkejeli Stalin. Mchapishaji mmoja alikuwa ameshakubali, akabadili nia baada ya kuzungumza na afisa mmoja wa wizara ya habari. Hakukuwa na sheria iliyomkataza. Kitabu kilitoka Agosti 1945 kwa mchapishaji mwingine. Orwell alikuwa ameandika dibaji akieleza kwamba udhibiti mwingi nchini mwake ni wa hiari, watu wanajizuia wenyewe kwa sababu jambo fulani “halisemwi”. Na dibaji hiyo nayo haikutoka na kitabu. Ilichapishwa mwaka 1972, yeye akiwa ameshafariki.

Baada ya kujua hayo, sehemu moja ya Nineteen Eighty-Four nikaisoma kwa jicho jingine. Chama kinawafundisha wanachama wake uwezo wa kusimama ghafla kabla wazo la hatari halijafika akilini, kama mtu anayefunga breki bila kufikiri. Mtu akiufikia ujuzi huo, hahitaji tena kupelelezwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mkaguzi aliye bora kuliko wote ni yule anayeishi ndani ya kichwa cha mwandishi na kutumia sauti yake mwenyewe: “Nafasi imekwisha. Karatasi imejaa.”

Swali hutangulia kitabu

Sasa mtu wa namna hiyo anaamkaje? Wengi hujibu haraka: kwa kusoma vitabu vilivyokatazwa. Ukifuatilia mfuatano wa matukio utaona kwamba sivyo. Montag anaamshwa na binti jirani wa miaka 17, Clarisse, anayependa kutembea usiku na kuangalia vitu. Anamwuliza maswali ya kawaida. Je, ni kweli kwamba zamani zimamoto walikuwa wanazima? Je, huwa anasoma vitabu anavyovichoma? Mwishoni, wakati wa kuagana, anamwuliza kama ana furaha. Montag anacheka, anaingia ndani, na kicheko kinamwishia mlangoni. Usiku huohuo anamkuta mkewe, Mildred, amemeza vidonge vingi vya usingizi. Mafundi wawili wanakuja kumsafisha tumbo na damu kama watu wa kuzibua choo, wanasema kesi kama hizo ni nyingi kila usiku, wanaondoka. Asubuhi mke hakumbuki kitu.

Msomaji makini atagundua jambo jingine. Nyumbani kwa Montag, nyuma ya wavu wa tundu la hewa, tayari kuna vitabu alivyovificha. Kwa hiyo Clarisse hakumpandikizia kitu kigeni. Shaka ilikuwamo, imefichwa mahali ambapo hata mwenyewe alikuwa haangalii. Swali lilichofanya ni kumgeuza shingo atazame palepale. Vitabu vinakuja baadaye, na hata vinapokuja havimwelewi wala yeye haelewi. Anahitaji mzee Faber, aliyekuwa profesa, amfafanulie. Anahitaji pia tukio la mwanamke aliyekataa kuacha vitabu vyake, akawasha kiberiti mwenyewe na kuungua navyo mbele ya kikosi kizima. Kisha Montag anaamka vibaya, kama wengi wetu: anawasomea shairi wageni wa mkewe kwa hasira, mmoja analia, mwingine anamtukana, na hakuna aliyeokoka siku ile.

Tujifunze mambo mawili hapo. La kwanza, kuuliza si ujinga, na katika jamii iliyochujwa swali ndilo kitu cha kwanza kukatwa kwa sababu haliwezi kukanushwa. Madai unaweza kuyaita uongo. Swali unaweza tu kulijibu au kulifuta. La pili, mwamko haumfanyi mtu kuwa mwema kwa siku moja. Montag anaua. Winston, akidhani anajiunga na upinzani, anakubali kwa kinywa chake kufanya mambo ya kutisha ikihitajika. Riwaya nzuri haitupi malaika.

Mwisho wao nao unatofautiana. D-503 anafanyiwa upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza, kisha anatazama bila maumivu mwanamke aliyempenda akiteswa. Winston anavunjwa hadi anampenda aliyemvunja. Montag peke yake anatoka, anavuka mto, na kukutana na watu ambao kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Mwamko wa mtu mmoja ulipopata watu wa kuubeba, uliishi. Ulipobaki siri ya mtu mmoja au wawili, ulizimwa.

Waamshaji wanaoachwa njiani

Hapa nina malalamiko, na wahadhiri wanapenda tukikosoa. Katika riwaya zote tatu mwamshaji ni mwanamke: I-330 kwa Zamyatin, Julia kwa Orwell, Clarisse kwa Bradbury. Wanamwasha mwanamume, halafu hadithi inawaacha. Clarisse anatoweka mapema sana. Tunaambiwa juujuu kwamba amegongwa na gari. I-330 anateswa na hatima yake ni kifo. Julia tunamwona mara ya mwisho akiwa amevunjika. Kumbukumbu tunazosoma ni za wanaume. Ni kana kwamba mwanamke ni kijiti cha kiberiti: kazi yake ni kuwasha.

Soma baada ya hapo The Handmaid's Tale ya Mkanada Margaret Atwood, iliyotoka mwaka 1985. Huko wanawake wamekatazwa kusoma, hata mabango ya maduka yamebaki picha tupu, na msimulizi ni mmoja wao. Mtu mkubwa wa serikali anapomwita kwa siri usiku, msomaji anaogopa mabaya, kumbe anataka wacheze mchezo wa kupanga herufi kuwa maneno. Kwa mwanamke ambaye hajashika herufi muda mrefu, mchezo ule wa kitoto unakuwa karamu. Nilijifunza hapo kwamba udhibiti haugawanywi sawa kwa wote. Ukitaka kuielewa jamii, usiulize tu nini kimekatazwa. Uliza pia kimekatazwa kwa nani.

Kufumba na kunyamaza

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, nchi iliyo angani, ambako wajumbe sita walitumwa pande mbalimbali kutafuta maarifa, na kila aliyerudi na maarifa alitupwa gerezani. Karama anashtakiwa kwa sababu anataka kufundisha uanasheria, yaani kuwapa watu maneno ya kujitetea. Utetezi wake wote ni kusimulia habari za wale sita mbele ya baraza, yaani kurudisha kumbukumbu iliyofungiwa. Wahakiki wengi wameisoma kama kitabu kuhusu utawala wa kikoloni. Na mwandishi aliwahi kuwa karani katika utumishi wa serikali hiyohiyo! Naye alikuwa mfanyakazi wa mfumo, kama wale watatu.

Lakini hakukata aya. Aliipeleka nchi angani akasema yote. Hapa Kiswahili kina somo ambalo sikulipata kwa Bradbury: kufumba si sawa na kunyamaza. Fumbo linaficha ili lifike. Kujichuja kunaficha ili lisifike. Kwa nje vinafanana, vyote viwili ni tahadhari, na mhariri mwoga anaweza kujidai anafanya la kwanza huku anafanya la pili. Namna ya kuvitofautisha ni kuangalia kama swali bado limo ndani. Ukifumbua fumbo la Kusadikika unalikuta swali. Makala ya maji niliyoibandika mimi, ukiifumbua unakuta kicheko, halafu hakuna kitu.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliuliza waziwazi. Kijikaratasi chake cha mwaka 1968 kilikuwa na swali kwenye jina: Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, akatoka 1972. Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki. Humo utakuta lugha ya moja kwa moja na utakuta mafumbo, mamba akiwa mmojawapo, na hakuna panapokosa swali. Kwetu pia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa kuonekana inachafua maadili, ilhali kinachoumiza humo ni ukweli kuhusu wazazi, walimu na wasichana waliolelewa kwa fimbo bila kuambiwa kitu. Funika kombe mwanaharamu apite, tulisema. Leo tunaihakiki vyuoni.

Maswali manne ya kwenda nayo

Ukipewa riwaya yoyote ya aina hii, kwa mtihani au kwa kujisomea, nashauri uipitishe kwenye maswali haya.

Kwanza: mhusika mkuu anafanya kazi gani ndani ya mfumo, na anaipenda kiasi gani? Hapo utapata chanzo cha mgogoro wa ndani, badala ya kuandika tu kwamba anapingana na serikali.

Pili: nani alikata kwanza, dola au watu? Tafuta sehemu kama hotuba ya Beatty. Mara nyingi mwandishi ameweka jibu kinywani mwa adui.

Tatu: nini kilimwamsha kabla ya kitabu? Tafuta mtu, swali au tukio, halafu angalia nani analipa gharama ya mwamko huo. Mara nyingi si mhusika mkuu.

Nne: kumbukumbu inahifadhiwa wapi? Katika daftari la siri, katika kichwa cha mtu mmoja, au kati ya watu wengi? Jibu la swali hili hukusaidia kukisia mwisho wa riwaya kabla hujaufikia.

Ukishamaliza, yageuze maswali hayo yakuelekee wewe. Usiogope, hakuna alama zinazotolewa.

Kuhusu ile aya

Nilipoyageuza kwangu, nilimtafuta mwenzangu. Nilimkuta kantini, nikamwambia nilichofanya mwaka jana, na kwamba haikuwa nafasi wala karatasi. Nilitegemea akasirike. Akaendelea kula, kisha akasema, “Nilijua, kaka. Kilichoniuma si kukata. Ulikata vizuri mno. Nilivyoisoma pale ubaoni, kwa sekunde kadhaa nilidhani ndivyo nilivyoandika.”

Nikamwomba makala yake nzima tuiweke kwenye jarida hili. Hana tena, aliniandikia moja kwa moja kwenye simu yake ya zamani, na mimi ujumbe ule nilishaufuta. Tulijaribu kuikumbuka pale mezani. Vichekesho tulivikumbuka karibu vyote, kwa sababu vilikaa ubaoni wiki nzima. Aya ya mwisho hatukuweza kuipata neno kwa neno, si yeye wala mimi. Tuliloweza kulipata ni swali lake, na amenipa ruhusa kulirudisha mahali pake, ingawa limechelewa mwaka mmoja, na ingawa mimi pia nilichangia na sikuwahi kuuliza:

Pesa za pampu ziko wapi?